Niache ajira ya kudumu nikalime, au nibaki? Naomba ulinganisho wenu

Mkulima_Mtarajiwa:
Wakuu, salaam. Nina ajira ya kudumu na mshahara hauchelewi. Nina pia ekari chache ambazo nimezikodisha. Nawaza kuacha kazi nizilime mwenyewe: mahindi, nyanya na kuku wa mayai. Nilinganishieni, hasa upande wa pesa.

JembeLaMsimu:
Mkuu, wengi huchukua mshahara wa mwaka wakaulinganisha na mauzo ya mwaka, wakaona shamba limeshinda. Mauzo si kipato. Toa mbegu, mbolea, dawa, vibarua wa palizi, magunia na usafiri. Toa pia kodi unayoipata sasa kwenye hizo ekari, maana ukilima utaikosa. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na mshahara.

Halafu tazama pesa inaingia lini. Mahindi yanakomaa kwa miezi mitatu hadi mitano kutegemea mbegu, na lazima yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13 hivi ndipo yakae ghalani bila kuota ukungu na kuingia sumukuvu. Ukibanwa na ada ya watoto utayauza siku za mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini kabisa. Mwenye mshahara anasubiri. Hiyo ndiyo faida ya ajira ambayo watu hawaihesabu: unaweza kumwambia dalali hapana.

MamaVifaranga:
Naunga mkono. Kuku wa mayai wanaanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20. Kabla ya hapo wanakula tu, na chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote. Nilianza nikiwa kazini, mshahara ndio uliowalisha.

Nyanya_Shambani:
Mimi napinga. Nyanya haisubiri Jumamosi. Kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, akiingia mwanzoni mwa wiki nawe uko ofisini, ukija mwisho wa wiki mabuu yameshachimba majani na matunda yametobolewa. Kilimo cha simu kimefilisi watu wengi; msimamizi atakuambia kila kitu kiko sawa hadi siku ya kuvuna. Niliacha kazi na sijuti. Mtu analima nusunusu, anapata hasara, kisha anatangaza kwamba kilimo hakilipi! Inaniuma sana.

JembeLaMsimu:
Kwa nyanya uko sahihi kabisa. Basi aanze na mahindi, yanavumilia asiyeshinda shambani. Nyanya zije akiwa huru.

Mstaafu_Mwenzenu:
Mwanangu, usisahau likizo ya ugonjwa, bima na mchango wa mwajiri kwenye pensheni. Ukijiajiri, yote hayo juu yako. Na benki nayo, ikikosa hati ya mshahara itataka dhamana, ambayo huenda ikawa shamba lenyewe.

Mkulima_Mtarajiwa:
Asanteni sana. Aliyekodi akishavuna nitachukua sehemu nipande mahindi, kazi naendelea nayo. Kuku pia nawataka mapema kwa kuwa naishi jirani na shamba. MamaVifaranga, banda la kuku 100 liwe na ukubwa gani?

MamaVifaranga:
Wakilelewa sakafuni, kuku watano kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo mita 20 za mraba. Ila jenga kubwa kidogo, vyombo vya maji na chakula navyo vinakula nafasi. Na akiba ya chakula cha hadi watakapotaga iwepo kabla hujaagiza vifaranga.