Nasaba ya Ubelgiji: nimekwama mwaka 1801, nivukeje?

Swali

Salaam kwenu nyote. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na asili ya Ubelgiji, na tangu alipofariki nimejitwika kazi ya kufuatilia ukoo wake katika Flandria Magharibi. Nimefika kwa mzee mmoja aliyefunga ndoa karibu na Kortrijk mwaka 1827, ambaye cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa kwa Kifaransa na kutaja tarehe 12 Pluviôse, mwaka wa 9. Mkewe alizaliwa Ieper. Nyuma ya hapo sioni njia.

Wakati huohuo jamaa mmoja amenitumia mti wa ukoo wenye nembo ya rangi, unaomfanya mzee huyo kuwa wa uzao wa familia ya makabaila ya karne ya 16, lakini haukutaja hata waraka mmoja. Ningependa sana kuuamini. Naomba mnisaidie kuisoma tarehe hiyo, kuvuka kwenda nyuma, na kuupima mti huo.

Jibu la kwanza

Dada, tarehe hiyo ni ya kalenda ya Jamhuri ya Ufaransa, na kwa kalenda yetu ni tarehe 1 Februari 1801. Ufaransa iliitwaa nchi hiyo mwaka 1795, na mwaka uliofuata ikaanzisha usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo, ndiyo maana karani wa kijiji cha Waflandria aliandika kwa Kifaransa. Kalenda hiyo iliachwa mwishoni mwa mwaka 1805.

Kabla hujaenda nyuma zaidi, nakusihi utafute viambatisho vya ndoa ya 1827. Hivi ndivyo hazina kubwa kuliko zote, na watafutaji wengi huvipita bila kuvifungua. Sheria ya Napoleon ya mwaka 1804 iliwataka wanaooa kuonyesha ridhaa ya wazazi au, wakishatimiza umri fulani, kuwaomba rasmi ushauri wao. Na ikiwa wazazi wote wawili walikuwa wamefariki, nafasi yao ilichukuliwa na babu na bibi. Kwa hiyo bahasha ya ndoa moja yaweza kuwa na vyeti vya kuzaliwa vya maharusi, vyeti vya vifo vya wazazi, na hata vya babu waliozaliwa miaka ya 1730, pamoja na hati ya bwana harusi kuhusu utumishi wa jeshi ambayo mara nyingi hueleza kimo chake na rangi ya macho yake. Ukibahatika, utavuka vizazi viwili kwa mara moja. Picha za rejista nyingi zimewekwa mtandaoni bila malipo na Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, nawe unahitaji tu kujiandikisha.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu miaka ya kabla ya 1796. Huko hakuna cheti cha serikali. Kuna vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na maziko, vingi vikiwa kwa Kilatini. Jan utamkuta akiitwa Joannes, na Gillis akiitwa Egidius. Uwe mwangalifu na miezi: padri aliyeandika 7bris alimaanisha Septemba, wala si Julai, na Xbris ni Desemba. Jina la ukoo nalo liliandikwa kama lilivyosikika, kwa hiyo De Smet, Desmet na De Smedt wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Jambo la kukufariji ni kwamba wanawake waliandikwa kwa majina ya ukoo wao wa kuzaliwa hata baada ya kuolewa, kwa hiyo upande wa kina mama haupotei.

Andika pia majina ya wasimamizi wa ubatizo, kwani mara nyingi walikuwa babu, bibi, au ndugu wa wazazi. Katika Flandria kuna nyaraka nyingine ninazozithamini mno, zinazoitwa *staten van goed*: mzazi alipofariki akiacha watoto wadogo, mali yake iliorodheshwa mbele ya wazee wa mahakama, na walezi waliteuliwa, kwa kawaida mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama. Waraka kama huo hukutajia watoto wote na jamaa za pande zote mbili, jambo ambalo kitabu cha ubatizo hakiwezi kulifanya.

Muulizaji

Nawashukuru kwa dhati. Lakini je, nyaraka za Ieper hazikuteketea katika Vita vya Kwanza vya Dunia?

Jibu la tatu

Ni kweli kwamba hifadhi ya nyaraka za mji iliungua pamoja na jengo kubwa la soko la nguo mnamo tarehe 22 Novemba 1914, na hasara ile haina fidia. Hata hivyo, rejista za serikali ziliandikwa nakala mbili, moja ikibaki katika manispaa na nyingine ikipelekwa mahakamani. Kwa hiyo usikate tamaa kabla hujaiuliza nakala ya pili. Kwa miaka ya parokia, jaribu vijiji vya jirani, kwa kuwa desturi ilikuwa ndoa kufungwa katika parokia ya bibi harusi, na mama wa mke huyo huenda hakuzaliwa mjini.

Kuhusu mti wa jamaa yako, usiutupe, ila usinakili hata jina moja kutoka juu kushuka chini. Anza na mzee wa 1801 na upande kizazi kimoja kimoja, ukidai kwa kila kiungo waraka unaomtaja mtoto pamoja na wazazi wake. Miti mingi ya namna hii hukatika palepale mtu mwenye jina linalofanana anapofanywa kuwa baba bila ushahidi, hasa katika kijiji ambacho watu watatu wa rika moja waliitwa Joannes wa ukoo uleule. Nembo nayo ilikuwa ya ukoo maalumu, haikuwa ya kila mwenye jina hilo. Tuwekee hapa majina ya wazazi utakayoyakuta kwenye viambatisho vya 1827, nami nitakusaidia kusoma Kilatini cha kizazi kinachofuata.