Naomba ushauri: Hadithi za Bwana Msa nizisome kwa mpangilio gani?

Habari zenu wanajamvi, shikamooni wakubwa. Niko Tanga, Ngamiani.

Nimenogewa na Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ila nimeanzia katikati. Kwa muuza vitabu vya mitumba nilipata Siri ya Sifuri, nikaimaliza kwa siku mbili. Baadaye ndipo nikagundua kitabu cha kwanza ni Mzimu wa Watu wa Kale (1960), kikafuatiwa na Kisima cha Giningi (1968). Mzimu nimeazima kwa jirani, ninacho hapa. Kisima ndicho kinachonitesa: nimezunguka kwa wauzaji wote ninaowajua, nimeuliza hadi walimu wa Kiswahili, sijakipata. Napenda sana kumwona Najum, mwenzake katika upelelezi, akimzoea Bwana Msa hatua kwa hatua, kwa hiyo sitaki kuruka tena.

Maswali yangu ni haya. Je, nikisoma Duniani Kuna Watu (1973) kabla ya Kisima, kuna jambo litakalonipotea au siri itakayofichuka mapema? Na kwa mlioko Tanga, au hata Muheza na Pangani, nani anacho cha kuniazima? Nitakitunza na kukirudisha mwenyewe.

Natanguliza shukrani.