Mrejesho: kitanda cha maji kimenyamaza

Niliuliza kwa nini kitanda cha maji (chenye godoro lililojazwa maji) cha chumba cha vijana kinapiga gudugudu hadi wazazi ng'ambo ya ukuta wasikie. Mlisema kweli: ni hewa iliyonaswa ndani. Chomoa plagi ya hita, fungua kizibo, kisha laza mpini wa fagio na usukume mapovu taratibu kutoka miguuni kuelekea kwenye kizibo. Maji yakifika kwenye mdomo wa tundu, funga. Gudugudu likirudi, huenda vijidudu vinazalisha gesi. Weka dawa maalumu ya vitanda vya maji, si klorini ya kufulia, maana huchakaza plastiki. Mlio wa kwii-kwii ni wa mbao: kaza skrubu za fremu. Na mnaoishi ghorofani mtaa wa Umoja, Nairobi, kumbukeni sakafu: lita 700 ni kilo 700!