Uza aligusa Sanduku akafa, mjane wa jumuiya yetu kauliza swali nimeshindwa kumjibu

Mwana_Newala:
Habari za jioni wakuu. Alhamisi jumuiyani tulisoma 2 Samweli 6, pale Daudi analeta Sanduku la Mungu, lile la agano lililokuwa ishara ya Mungu kuwa kati ya Israeli, ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono alishike, akafa palepale. Sasa kuna mama mmoja kafiwa na mume mwaka jana, ana watoto wanne, akauliza kwa sauti ya chini kabisa "huyu ndo Mungu ninayemwomba kila usiku anilelee wanangu?" Watu wote kimya, tukafunga kwa sala tukaondoka. Mi roho inaniuma mpaka leo. Najua Mungu ni mtakatifu na najua anajali, ila haya mawili yanakaaje kwa mmoja? Msiniambie tu njia zake hazichunguziki jamani, nataka kitu cha kumpelekea yule mama.

Fundi wa Masasi:
Mkuu mliishia njiani, endeleeni mstari wa 10 na 11. Daudi kaogopa, Sanduku likapelekwa nyumbani kwa Obed-edomu Mgiti likakaa miezi 3, na Bwana akaibariki nyumba yake yote. Sanduku lilelile! Limekaa ndani ya nyumba ya watu na nyumba ikapata baraka. Kuhusu Uza, Hesabu 4 imeshasema wana wa Kohathi, ukoo wa Walawi, walibebe wala wasiliguse wasije wakafa, kina Daudi wakalipandisha kwenye gari la ng'ombe. Sisemi hiyo inaondoa uchungu, hata Daudi siku ile alikasirika na Biblia haikuficha. Ila mama mpelekee Zaburi 68:5, Mungu anaitwa baba wa yatima na mwamuzi wa wajane, akiwa katika kao lake takatifu. Mstari mmoja tu, mjane yumo na utakatifu umo. Na mwamuzi hapo ni wa kukusimamia upate haki yako, mjane aliyewahi kunyang'anywa mikorosho na ndugu wa marehemu atakuelewa haraka kuliko sisi.

Binti Lindi:
Mimi Muislamu, niko Lindi mjini, naongeza kidogo kwa heshima. Sisi Mwenyezi Mungu tunamwita Al-Quddus, yaani Mtakatifu, na kwenye Sura Taha Musa anaambiwa avue viatu yupo bonde takatifu la Tuwa. Jirani yangu alinionyesha kwenye Kutoka 3, mstari wa 5 Musa anaambiwa asikaribie, avue viatu, halafu mstari wa 7 Mungu anasema ameyaona mateso ya watu wake na kilio chao amekisikia. Katikati kuna mstari mmoja tu. Yani aliyemwambia Musa asisogee, yeye mwenyewe kashuka kwa ajili ya watumwa.

Mzee wa Tandahimba:
Vijana mmesema vizuri, ila someni na Walawi 19. Inaanza na iweni watakatifu kwa kuwa mimi Bwana Mungu wenu ni mtakatifu, unategemea sasa itakuja habari ya ubani na madhabahu, kumbe mstari wa 9 tayari tuko shambani, usivune mpaka pembeni, masazo na zabibu zilizoanguka waachie maskini na mgeni, halafu wa 13 ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Mimi huo mstari ulinishika vibaya. Msimu mmoja niliwachelewesha akina mama walioniokotea korosho, nasubiri hela ya mnada iingie, na kila Jumapili naimba mtakatifu mtakatifu mtakatifu. Niliuza mbuzi wawili nikawalipa. Sasa nakuuliza wewe mwanangu wa Newala, huyo mama mmemuombea sawa, palizi yake mwaka huu nani kamsaidia?

Mwana_Newala:
Shikamoo mzee. Hakuna, analima peke yake na yule binti yake mkubwa. Asanteni wote, nimemtumia mwenyekiti wa jumuiya ujumbe sasa hivi, Jumamosi tunaenda na majembe, na Zaburi 68 nitamsomea hukohuko shambani.