Mrejesho: kuuliza hali ya moyo wodi ya saratani

Assalaam alaykum. Niliuliza hapa: wauguzi wa huku Unguja wapime vipi mzigo wa moyo (huzuni, hofu, wasiwasi) wa mgonjwa wa saratani bila ya kumchosha? Ahsanteni, mlioshauri kipimo cha dhiki cha 0 (hana mzigo) hadi 10 (mzito kupita kiasi), kinachochorwa kama kipimajoto, mmepatia.

Ni dakika chache tu. Mgonjwa anaonyesha namba ya wiki iliyopita pamoja na leo, kisha anatia alama kwenye orodha ya matatizo: nauli, watoto, usingizi, ibada, maumivu. Ikifika 4 au zaidi, muuguzi akae naye siku hiyo hiyo.

Kazi ilikuwa kwenye neno. Ukisema "dhiki", wengi wanafahamu ukata, wanajibu habari za pesa. "Moyo umekuwa mzito kiasi gani?" inaingia vizuri zaidi. Na badala ya mchoro wa kipimajoto chora ngazi, maana kuna wanaodhani wanaulizwa homa.

Asiulizwe mbele ya jamaa. Atasema "alhamdulillah, sijambo", namba 0, hasa familia ikiwa imemficha jina la maradhi (na muuguzi naye asiliropoke).

Maumivu makali yatulizwe kwanza, la sivyo namba inapanda kwa ajili yake. Rudieni kipimo kabla hajavuka kwenda Ocean Road (hospitali ya saratani, Dar es Salaam) kwa mionzi, na akirudi.

Akisema hataki kuishi, wekeni namba pembeni: aulizwe wazi kama anafikiria kujidhuru, asiachwe peke yake, daktari aitwe. Faili liandikwe namba pamoja na kilichofanyika. Namba tupu haiwasaidii wa zamu ya usiku.