Tupeane uzoefu: malisho yalipokwisha, msaada wa serikali ulikukuta na mifugo au na mizoga?

Salaam wanajukwaa. Naishi Malindi, kaunti ya Kilifi, mifugo yangu iko upande wa Marafa. Nauliza kuhusu ule ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mvua ikikataa, mifugo zaidi ya milioni 2.5 wakafa nchini Kenya. Janga la kitaifa lilitangazwa Septemba 2021. Wewe ulipata nini, na ulipata lini?

Kwetu marobota ya nyasi yalifika ng'ombe wakiwa wameshaanguka. Kila asubuhi tulikuwa tukiwainua: mmoja ashike mkia, mwingine pembe, wawili wapitishe mti chini ya tumbo. Anasimama akitetemeka, anatafuna kidogo, jioni yuko chini tena. Nyasi zenyewe zilikuwa nzuri, lakini ng'ombe aliyefika hapo hata ukimlisha mara nyingi harudi.

Ndiyo maana nimevutiwa na mpango wa Marekani wa kuwalipa wafugaji malisho yakikauka, uliofanywa wa kudumu na sheria ya kilimo ya 2014. Wana ramani ya ukame inayotolewa kila wiki. Kaunti ikikaa wiki 4 mfululizo katika ukame mkali wakati wa msimu wa malisho, mfugaji anastahili malipo ya mwezi mmoja, asilimia 60 ya gharama ya chakula cha mifugo kama ilivyokadiriwa. Ukame ukizidi, miezi ya malipo inaongezeka. Wanalipia malisho yaliyopotea, hawangoji mnyama afe. Karibuni.

Mfugaji wa Garsen: Sisi Tana River tulikuwa katika bima ya serikali iliyoanzia Turkana na Wajir 2015, ikafika kaunti nane. Serikali ililipa ada yote kwa ng'ombe watano kila nyumba, au mbuzi wa thamani hiyo. Setilaiti inapima ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango unalipwa. Pesa iliingia kwenye simu nikanunua pumba na dawa, majike yakavuka. Lakini kuna tatizo: mathenge. Huku kwetu mti huo uko kijani hata jua likichoma vipi, na setilaiti ikiona kijani inahesabu malisho. Ng'ombe hali majani yale. Maganda yake mbuzi wanayapenda, ila wakiyazoea sana meno yanaharibika.

Wa Witu, Lamu: Bima hatukuwa nayo. Kilichokuja ni ununuzi wa mifugo dhaifu, nyama igawiwe wenye njaa. Nashukuru, kwa sababu mnunuzi wa kawaida alikuwa anataja bei ya kuku. Shida ni orodha. Majina yaliandikwa kwa mzee wa kijiji, na sisi tuliokuwa tumehamisha ng'ombe kufuata maji tulirudi tukakuta imefungwa. Anayehama ndiye mwenye shida zaidi, na ndiye aliyeachwa.

Mama mbuzi, Adu, Kilifi: Mimi sikuandikwa popote. Mbuzi wangu niliwaokoa kwa maganda ya mihogo na matawi ya mkwaju. Maganda yaanikwe juani yakauke kabisa, mabichi yana sumu. Na jambo moja: mbuzi ni wangu, lakini walioitwa kwenye baraza ni waume. Mume wangu yuko Mombasa kazini. Nani angesema kwa niaba yangu?

Mwanzisha mada: Dada yangu wa Adu, hilo lako nalibeba kama lilivyo, pamoja na la Witu. Kilifi na Lamu hatukuwemo katika zile kaunti nane, ilhali tunapakana na Tana River na ng'ombe wetu wanakutana kwenye maji yale yale. Kwenye kikao cha bajeti ya kaunti nitaomba mambo matatu: daftari la wafugaji lifunguliwe mvua ikiwepo, mwenye mnyama aandikwe kwa jina lake hata akiwa mke au yuko safarini na mifugo, na pesa itoke nyasi zikianza kupungua. Mlioko Langobaya, Baricho, Hindi na Mokowe, bado hamjasema.