DM mnayemjua ameizima Fireball yangu mbele ya meza nzima

Wakuu,

Jina la huyo DM, msimulizi na mwamuzi wa mchezo wetu wa Dungeons & Dragons, sitaji, mnamjua. Yule ambaye skrini yake ya kufichia karatasi ni ndefu kuliko meza, anayeanza kucheka kabla hujamaliza kusema unachotaka kufanya. Ndiye huyohuyo. Nimetoka kwake sasa hivi na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo makosa ya kuandika mtanisamehe.

Tuko levo ya tano. Wanaocheza wachawi wanaelewa levo ya tano ni kitu gani. Huko nyuma kote nilikuwa mtu wa Fire Bolt, kauchawi kadogo ka moto, dadu moja ya pande kumi, nakosa, narudi kujificha mgongoni kwa paladini, yule askari mtakatifu wa kundi letu. Nilivumilia kwa sababu Fireball, uchawi wa mpira wa moto, ilikuwa njiani. Dadu 8 za pande 6! Futi 20 kila upande kutoka pale inapolipukia! Nikaitungia na mbwembwe zake: moto wangu ni wa bluu, na ndani yake wananong'ona mabibi zangu wote waliokufa. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Leo majambazi wamejipanga wenyewe darajani, wamebanana, hakuna mwenzetu karibu. Nikasimama. Juu ya kiti, wakuu. Nikawaita mabibi mmoja mmoja. Nikarusha dadu: 31. Meza inashangilia, mpaka paladini asiyenipenda ananipigia makofi.

Yeye akatazama karatasi zake. Wote wamekwepa, kwa hiyo nusu, 15. Halafu bila hata kupepesa macho: kila jambazi amevaa pete ya kukinga moto, kwa hiyo nusu tena.

"Saba. Anayefuata."

SABA. ANAYEFUATA. Hakuna moshi, hakuna kelele, hakuna hata nyusi iliyoungua. Mabibi zangu wamefufuka kuja kusikia "anayefuata"!

Zamu ya paladini sasa. Anampiga jambazi mmoja tu, na mwenye skrini anafumba macho kwa hisia: mawingu yanapasuka, nuru inashuka, jambazi anapiga magoti na kumkumbuka mama yake. Mama wa jambazi kasimuliwa mpaka kanga aliyovaa, na mimi nimesimama juu ya kiti na saba yangu.

Vita vilipoisha nikapekua maiti, nikauliza pete ziko wapi. Akanijibu ZIMEYEYUKA. Pete za kukinga moto. Zimeyeyuka. Kwa moto wa saba.

Hesabu hainisumbui. Anipe hata tatu, ila anisimulie! Siyo "Saba. Anayefuata" kama karani wa dirishani anayetaka kufunga ofisi. Nimebakiwa na sloti moja ya ngazi ya tatu, yaani nafasi moja ya kurusha uchawi kama ule, na sijaamua nimtupie nani.

Dadu_Mbovu: Hapo kwenye pete kuyeyuka nimecheka mpaka nimeamsha watu. Huyo jamaa ni hatari. Kwangu aliwahi kuleta mifupa "iliyozoea" umeme.

UpangaTu: Acha kulialia mkuu. Fireball imependelewa tangu kiwandani. Fungua kitabu cha DM cha 2014, kuna jedwali la kutunga uchawi: ngazi ya tatu, wa kupiga wengi, ni 6d6, yaani dadu 6 za pande 6. Fireball ina 8d6. Mnabebwa na bado mnataka mnong'ono wa mabibi.

Mleta mada: @UpangaTu nimesema hesabu hainisumbui. Umesoma au umeona neno Fireball ukakimbilia kujibu? ALISEMA "ANAYEFUATA".

UpangaTu: Kwani aliyefuata alikuwa nani? Si ilikuwa zamu yake?

BabuWaGoblini: Vijana hamjui mateso. Sisi wa matoleo ya zamani ukiitupa kwenye chumba kidogo, moto unajaza chumba, ukikosa nafasi unarudi njia uliyotokea kukufuata wewe mwenyewe. Lightning Bolt, ule uchawi wa radi, ikigonga ukuta inageuka. Tuliuana sana, lakini angalau uchawi ulikuwa na tabia. Na zimwi la Ogre lilikuwa na wastani wa pointi 19 za uhai. Mchawi wa levo ya tano akirusha 5d6 zake linabaki linachechemea. Toleo la tano wamempa 59! Mnatekenya tu.

Dadu_Mbovu: @BabuWaGoblini shikamoo. Kwa hiyo tatizo ni pointi za uhai kuvimba, siyo yule bwana?

BabuWaGoblini: Marahaba. Yule bwana naye ni tatizo. Simtaji.

KambaYaUmeme: Mna Fireball na bado mnalia, naomba nicheke. Mimi nilichukua Witch Bolt ya 2014, kamba ya umeme inayokuunganisha na adui. Futi 30 tu. Adui akijisogeza nje ya hapo, imekatika. Umakini wako wote umefungwa humo, kila zamu unatumia tendo lako zima kwa dadu moja ya 12, na ukiirusha kwa sloti kubwa linaongezeka pigo la kwanza peke yake. Hiyo siyo uchawi, ni adhabu. Kwenye kitabu kipya cha 2024 ndipo wakaona aibu wakairekebisha.

MkonoBaridi: Chill Touch, yaani "mguso wa baridi", je? Ile ya 2014 haikuwa ya baridi wala haikuwa ya kugusa. Unampiga mtu kutoka futi 120!

NapitaTu: Ndiyo maana nabeba Magic Missile. Haikosi, haina kukwepa, na maadui wa kukinga aina yake ya pigo, nguvu ghafi, ni wachache. Makombora matatu, narusha dadu tatu, naendelea na maisha.

UpangaTu: Dadu moja. Makombora yanagonga kwa wakati mmoja, unarusha dadu moja ya pande 4, unajumlisha moja, jibu ni la yote matatu.

NapitaTu: Nani kasema? Meza yetu tunarusha tatu na hakuna aliyekufa.

MkonoBaridi: Mimi nilikufa. Umesahau?

Mleta mada: Jamani, turudi kwenye mada. Pete zimeYEYUKA.

KambaYaUmeme: Subiri kidogo mkuu. @UpangaTu, na kama kila kombora limeelekezwa kwa mtu tofauti, bado ni dadu moja?

UpangaTu: Bado moja.

NapitaTu: Uongo huo. Weka ukurasa.